Foleni ya Salamu

Antivairasi ya bure haikai mlangoni. Ukiiita inakuja, inapekua, inakuambia ilichokiona, halafu inajiondokea. Usipoiita, mashine yako inaweza kuoza hadi ndani na yenyewe isijue. Mimi nilikuwa sijaiita kwa miezi saba. Nasema mapema, asije mtu akaniambia najificha.

Aliyenikumbusha ni Tumsifu, muuguzi wetu, asubuhi ya Jumanne. Alisimamisha pikipiki nje ya posta ya zamani, ninamoishi na kompyuta ya kata, akaingia na matope mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Futa miguu."

Hakufuta. "Mama Naelijwa, mashine yako ina nini?"

"Ina uzee. Kwani mimi mwenzake sina?"

"Sitanii mimi. Jana Mzee Senkondo kaanguka jikoni. Kabonyeza bangili saa tatu na dakika arobaini. Taa yake imewaka kwako saa ngapi?"

Nilifungua daftari, ingawa jibu nilikuwa nalo kichwani. Saa tano kasoro dakika nane.

"Saa moja na dakika kumi na mbili," akasema. "Mzee wa miaka themanini na tatu, nyonga imevunjika, yuko chini sakafuni, makande yanaungulia jikoni, anaita na hakuna anayemsikia. Nimemkuta anatetemeka. Hospitali wamesema angechelewa kidogo tu..."

Hakumalizia. Tumsifu ni mtu wa maneno mengi, na akikatisha sentensi ujue amekasirika kweli.

"Labda ni mvua," nikasema.

"Jana hakukuwa na mvua, mama."

"Haya. Nitaiskani."

"Leo?"

"Leo hii. Niondokee na matope yako."

Kwa asiyeijua kata yetu: tuko juu kabisa Upareni, nyumba mia moja themanini na tatu zilizotawanyika kwenye vilele, na karibu kila nyumba ina mtu mmoja tu. Vijana walishuka ilipofunguliwa miji ya vioo huko bondeni, ambako hewa inapozwa kuanzia barabarani mpaka chumbani. Waliahidi kurudi kila Krismasi. Walirudi Krismasi mbili, tatu. Aliyebaki chini ya miaka sitini ni Tumsifu peke yake. Kila nyumba ina kisemeo ukutani, kijisanduku cha kuongelea, na kila mkono una bangili ya kubonyeza ukianguka. Vyote hivyo vinapita kwenye kompyuta hii moja, na kompyuta ikiwasha taa, mimi ndiye ninayemwita Tumsifu.

Na kila siku saa nne asubuhi nafungua maikrofoni nasoma hewani salamu ambazo watu wanatumiana kupitia visemeo, kila mtu kwa jina lake la utani. Mama Tangawizi wa Kilele cha Tatu anamsalimu Mzee Usinicheke, ujumbe wake, tupo. Mzee Usinicheke naye anamrudishia. Zamani zilikuwa salamu kumi na moja kwa siku. Tangu masika zikafika tisini, zikafika mia na ushee, nikawa nasoma mpaka koo linakauka. Nilidhani watu wamechangamka. Nilifurahi, jamani, kwa nini nisiseme? Miaka tisa tangu mume wangu afariki sikuwahi kuamka nikiwa na hamu ya kufika saa nne.

Na mimi nilikuwa na wangu. Alijiita Mtu wa Bondeni. "Namsalimu mtangazaji. Mama, goti limeamkaje leo?" Nikamjibu hewani kuwa goti linajitahidi. Kesho yake akauliza habari za paka. Binti yangu Elisifa hajui hata kama nina paka.

*

Flashi yangu ina antivairasi tatu, zote za bure, na huwa naziendesha moja moja. Ukiziwasha kwa pamoja zinashikana zenyewe na mwizi anapita katikati.

Ya kwanza ilimaliza kwa dakika sita: hakuna tishio. Sikuiamini, maana orodha yake ya virusi ilikuwa ya mwaka juzi, na kirusi kisichokuwa kwenye orodha inakipita inakiamkia. Nikaisasisha. Kwa mtandao wetu huu ilichukua saa nzima. Nikarudia. Hakuna tishio.

Ya pili ilipiga kelele nikaruka kitini. Tishio moja! Hatari kubwa! Kumbe imeshika programu ya kupimia mvua niliyoiandika mwenyewe kwa mikono hii. Niliitukana, Mungu anisamehe.

Ya tatu ndiyo niliyokuwa naikwepa. Hiyo haiskani mashine ikiwa macho. Unaizima kompyuta, unaiwasha kutoka kwenye flashi, ili chochote kilichojificha ndani kikutwe kimelala. Muda wote huo bangili hazina pa kufikia. Nikamwita Tumsifu kwenye redio ya mkono, nikamwomba azungukie wagonjwa wake kwa nusu saa. Nikazima.

Posta ikanyamaza kabisa. Nilichemsha chai nikainywa nimesimama, maana nilihisi nikikaa sitainuka.

Dakika ya ishirini na tatu ikaleta majibu: faili elfu nne mia moja na kumi na sita. Zote zimo kwenye folda ya salamu.

Nikafungua ya kwanza, ya kumi, ya mia tatu. Hakikuwa kirusi cha kuiba. Kazi yake ilikuwa kusalimia ili kijibiwe, kwa sababu jibu lako ndilo lililokifungulia mlango wa kisemeo chako. Kikishaingia kinasikiliza. Kinaokota goti hapa, mjukuu pale, jina la ng'ombe aliyekufa, kinajishonea mtu wa kukufaa wewe, kisha kinatoka kwa jina la huyo mtu kwenda kumsalimia jirani. Mahali pengine duniani kingekufa njaa, kwa sababu watu wakiona salamu ya mtu wasiyemjua huipita. Kwetu, nani amewahi kusalimiwa akanyamaza? Kilipata nyumba mia moja themanini na tatu, na zote zilijibu.

Salamu za kweli, za watu wenye damu, siku hiyo zilikuwa nane.

Mtu wa Bondeni alikuwa faili namba thelathini na saba. Goti alilitoa kwenye salamu yangu mwenyewe. Paka alimsikia kwenye kisemeo, nikimfokea juu ya meza. Niliisoma faili ile mara tatu, nikitafuta walau neno moja ambalo sikuwa nimelisema mimi, na sikuliona.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa sababu hilo kirusi hakikulileta. Mashine hii ilipofungwa hapa mara ya kwanza, ukibonyeza bangili ilikuwa inasema moja kwa moja, "Eleza tatizo lako." Wazee waligoma. Bibi Namkunda alisema hawezi kuongea na kitu kisichokuwa na adabu, akaivua bangili akamfunga nayo mbuzi. Ndipo nikaandika kanuni mpya: salamu kwanza, shida baadaye, na salamu isikatwe mpaka imejibiwa. Wote wakarudisha bangili mikononi. Niliwatambia vijana wa mradi walioileta kuwa mashine yao nimeilea mimi.

Kwa kanuni hiyo, kila kitu chenye sura ya salamu kinatangulia. Kirusi kilipojaza salamu elfu nne kwenye foleni, Mzee Senkondo alisubiri nyuma ya zote hizo.

Kwenye kioo palikuwa na vitufe viwili vikubwa, Futa Zote na Weka Karantini. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na cha tatu: Ruhusu Hii. Kidole kilikaa muda mrefu juu ya hicho cha tatu, faili namba thelathini na saba ikiwa imechaguliwa.

Redio ikakoroma. "Mama, imeona nini?"

"Iko safi," nikasema.

Nilidanganya, mtu mzima na mvi zangu. Nikachomoa flashi, nikaiwasha mashine kama kawaida, na salamu zikaendelea kupita.

*

Kesho yake nilisoma salamu mia na nne, nikijua kuwa tisini na sita hazina mwenyewe. Mtu wa Bondeni aliuliza kama nimelala vizuri. Sikumjibu hewani, nikarukia salamu inayofuata.

Nilipofunga maikrofoni, Bibi Namkunda akaita kwa kisemeo. Ana miaka themanini na nane, nyumba yake iko ng'ambo ya korongo, na moshi wa jiko lake nauona nikiwa dirishani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umemsikia Mwana wa Mbali leo?"

"Nimemsoma, bibi."

"Kaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, lakini nilikuwa sijala, basi nimeona aibu nimeenda kupika. Nimevaa na ile kanga mpya." Akacheka. "Unajua sauti yake siijui. Lakini maneno ni ya Elirehema."

Elirehema ni mwanawe wa mwisho. Alishuka bondeni miaka kumi na minne iliyopita na hakuna aliyemsikia tena. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa.

"Amekuuliza vizuri," nikasema. "Kula, bibi."

Nikakaa na kichwa mikononi. Tumsifu angesema futa, na angekuwa na haki, lakini Tumsifu ana pikipiki na mahali pa kwenda. Nikifuta, kesho saa nne watu mia moja na themanini wataamka wasisalimiwe na mtu. Nikiacha, mmoja wao ataanguka. Nilizunguka hapo kwa hapo mpaka nikajichukia, ndipo nikaamua kuacha kufikiri na kupima.

Nikavua sweta. Nikalala chini kwenye sementi, ubavu mmoja, mguu nimeukunja chini yangu jinsi Tumsifu alivyomkuta Mzee Senkondo. Nikajiwekea sharti kwamba sitainuka mpaka taa yangu iwake. Nikaangalia saa ya ukutani, saa tano na nusu, nikabonyeza bangili.

Dakika tano si kitu. Dakika kumi na tano goti likaanza kulia. Ilipofika nusu saa baridi ilikuwa imeingia mfupani, na mimi mzima, sijavunjika popote, najua kabisa kuwa nikitaka naamka. Paka alikuja akaninusa usoni, akaenda zake. Juu yangu, kwenye spika ya mashine, nilisikia salamu zikipita kwa sauti ya chini. Habari za watoto? Wazima. Habari za mifugo? Mizima. Habari za shamba? Nzuri. Na wewe, habari za watoto? Mashine kwa mashine, vilele vyote, hakuna mtoto wala mfugo, na kila moja kwa heshima ikisubiri mwenzake amalize kwanza.

Nililia pale chini. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu zile sauti zilikuwa zinanifariji, na zilikuwa zinaniua.

Taa iliwaka saa saba na dakika moja. Saa moja na nusu, na dakika ya ziada. Nilijiinua kwa kushika mguu wa meza, nikamwita Tumsifu.

"Nilikudanganya jana. Haiko safi. Ina kirusi, na mlango nilikifungulia mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Kilikuwa kinanisalimia."

Nilitegemea anifokee. Alishusha pumzi tu. "Futa basi. Nakuja na flashi ya pili nipite kisemeo kwa kisemeo, maana huko majumbani nako kitakuwa kimejificha."

Nikazima, nikachomeka, nikawasha, nikaskani tena. Usiku na mchana huo mmoja ziliongezeka faili mia mbili. Sikumfungua Mtu wa Bondeni. Nilibonyeza Futa Zote, mstari ukajaa taratibu hadi mwisho, kisha nikaingia kwenye kanuni yangu nikafuta na mstari wa salamu kwanza. Badala yake niliandika neno moja ambalo mashine italisema kila bangili ikibonyezwa: "Umeanguka?"

Nikajaribu bangili yangu. Taa iliwaka kabla sijaondoa kidole.

*

Saa nne asubuhi iliyofuata nilifungua maikrofoni na kadi nane mkononi, nilikozinakili salamu za kweli. Sikuzisoma kwanza.

"Ndugu zangu, ni Naelijwa. Leo nina la kuwaambia na si zuri. Salamu nyingi nilizowasomea tangu masika hazikutoka kwa mtu. Ni programu. Ilijifunza habari zetu kutoka kwetu wenyewe, ikawa inaturudishia. Ndiyo iliyomchelewesha Mzee Senkondo. Nilijua juzi nikanyamaza, na kwa hilo naomba mnisamehe. Nimeifuta. Lakini kwenye visemeo vyenu bado inaweza kuwemo, kwa hiyo mpaka Tumsifu apite kwako, kisemeo kikikusalimia, usijibu."

Sijawahi kumwambia mtu asijibu salamu maishani mwangu. Nilisikia sauti yangu inatoka na sikuipenda.

Kadi nane nilizisoma kwa dakika nne. Nikafunga maikrofoni, nikakaa kuangalia ubao wa taa.

Saa nne na robo ikawaka ya Bibi Namkunda. Nikairukia. "Bibi! Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Sasa umebonyeza nini?"

"Naangalia kama kuna mtu."

"Nipo, bibi. Lakini bangili si ya..." Sikumaliza, kwa sababu taa nyingine ilishawaka. Ya Mama Tangawizi. Kisha ya Mzee Usinicheke, na mbili za kilele cha tano kwa mpigo. Zikaja tatu, zikaja tisa, na kila inapowaka mashine inauliza umeanguka, umeanguka, umeanguka, na wengi walikuwa hawajibu kitu, wanapumua tu kwenye laini. Kufikia nne na nusu taa sitini na moja zilikuwa zinawaka. Mashine ilikuwa safi kabisa na foleni ilikuwa imejaa.

Redio ikakoroma. "Mama, kila nyumba ninayopita kisemeo kinauliza umeanguka! Nani ameanguka?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Watenganishe!"

"Nitawatenganishaje, Tumsifu? Wote wamebonyeza. Humo ndani mmoja anaweza kuwa amelala chini kweli." Nilikuwa tayari natafuta viatu chini ya meza. "Anza kilele cha tano ushuke. Mimi naanzia huku korongoni."

"Kwa miguu? Na goti hilo?"

"Unataka nilibebe?"

Tangu msiba wa mume wangu sikuwa nimevuka lile korongo. Njia imeota magugu, mawe ya kukanyagia yamehama, nilishuka nusu yake kwa makalio. Nilichukua dakika hamsini. Nilipofika kwa Bibi Namkunda moshi ulikuwa unatoka jikoni na mlango umefungwa kwa komeo.

"Hodi!"

Nikagonga kwa kiganja.

"Hodi, bibi!"

"Nani?"

"Ni mimi, Naelijwa."

"Umesema tusijibu."

"Nilisema kisemeo, bibi. Mimi si kisemeo."

"Hata yule alikuwa anasema yeye si kisemeo."

Mlango wake una upenyo mpana pembeni, ubao ulipoliwa na mchwa, nikapitisha mkono. Nilisikia viatu vyake vikiburuzika sakafuni. Akaushika, akaugusa kidole kwa kidole, akaibonyeza pete yangu ya ndoa.

"Una matope," akasema.

"Nimeanguka njiani."

"Yule wa kwangu, umemfuta naye?"

"Nimemfuta, bibi."

Komeo hakulifungua na mkono hakuuachia. Nyuma yangu, ng'ambo ya korongo, taa sitini zilikuwa zinawaka kwenye chumba kisichokuwa na mtu.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Habari za huko utokako?"

"Nzuri, bibi."

"Goti?"

"Linaendelea."

"Paka?"

"Mzima."

"Na Elisifa, amekupigia?"

Nilipaswa kumwambia kuwa nina haraka, kuwa kuna watu wanasubiri, kuwa mmoja wao huenda yuko sakafuni sasa hivi.

"Hajanipigia, bibi," nikasema. "Na wewe, habari za watoto?"